Maili Kumi na Mbili za Mawe Meusi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, Bwana Mpima alifungua bomba la bati, akatoa karatasi ndefu na kuilaza mezani mbele yangu. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu niliiandika. Siku zile niliandika saa ya kila kazi niliyoianza na saa niliyoimaliza, na daftari hilo ninalo mpaka leo, ingawa mchwa wamekula pembe yake moja.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye paa la mabati, hatua mia nne kutoka ukingo wa mto Tana, hapo Garissa. Kazi yangu ilikuwa kunakili ramani. Sikupelekwa shule. Mama yangu alikuwa mtu wa mtoni na kwake nilipata Kiswahili. Baba yangu alikuwa Msomali mwenye ngamia, akafariki kabla sijaota ndevu. Herufi nilifundishwa na fundi cherehani wa sokoni. Hesabu nilijifunza mwenyewe kutoka kitabu kilichokosa kurasa zake za mwanzo, nikaanzia kwenye sehemu na wastani bila kujua mwandishi alitaka nianzie wapi. Labda ndiyo sababu niliupenda wastani kupita kiasi. Ulikuwa jambo la kwanza nililolielewa peke yangu.

Karatasi aliyoilaza Bwana Mpima ilikuwa ramani ya mwambao wa mashariki wa Ziwa Rudolf, ule upande wa kusini ambako milima ya volkeno zamani ilimwaga moto hadi majini. Aliipima mwenyewe miaka michache kabla ya kuletwa Garissa. Inchi moja ya karatasi ilikuwa maili nne za ardhi. Mistari ya mwinuko ilizunguka vinywa vya milima kama mikunjo ya ngozi, ikashuka kwa pamoja, ikabanana mpaka ukingoni mwa maji. Kila kitu kilikuwa kwa penseli. Mimi nilitakiwa kukiweka katika wino juu ya kitambaa cha kunakilia, ili kipelekwe Nairobi kupigwa chapa.

Sijapata kuona nchi iliyochorwa vizuri hivyo ikiwa na vitu vichache hivyo. Hapakuwa na kijiji, wala barabara, wala mti mmoja. Palikuwa na mawe na namba.

Kitambaa cha kunakilia hakipendi Garissa. Kina wanga ndani yake, na tone moja la jasho hukiachia doa lisilotoka. Nilifunga kitambaa kikavu kiganjani, nikasugua meza kwa unga wa chaki, na kufanya kazi mpaka saa tano tu, kwa kuwa baada ya hapo mkono ulianza kutoa maji. Nzi nao walipenda ule wino. Ukigeuka kidogo, walikuwa wamelamba nusu ya kilima.

Siku ya nne nilifika kwenye pengo. Juu kabisa ya karatasi, pembeni kushoto, mistari ya penseli ilikatika kwenye kilima cha mwisho. Baada ya hapo palikuwa peupe, kisha ghuba ndogo iliyochorwa peke yake, haijaunganishwa na chochote. Nikamuuliza.

"Hapo nilikuwa na homa," alisema Bwana Mpima. "Walinifunga juu ya ngamia kama gunia. Niliona mbingu tu. Niliamka kwenye ghuba, nikaichora, kisha tukageuka kuja nyumbani."

"Umbali wake, Bwana?"

"Sijui. Muulize yule mzee wa ngamia. Yeye hakuwa na homa. Halafu weka nukta-nukta, na uandike kwamba ni kwa makisio."

Mzee wa ngamia alikuwa baba yangu mdogo. Sisi humwita ndugu wa baba adeer, naye hukurudishia neno hilohilo, hata kama wewe ni mtoto wa juzi. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara katika safari ile ya upimaji. Nilimkuta mchana huo mtoni, akinywesha ngamia wake wa mizigo, madume kumi na manne. Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umemnyang'anya ngamia wote wa maziwa. Hao kumi na wanne waliokuwa wakikodishwa kubeba shehena ndio waliokuwa chakula chake, mahari za wanawe na heshima yake mbele ya watu.

"Adeer, umekuja kuangalia ngamia au umekuja kuniandika?" aliuliza alipoliona daftari.

"Kukuandika."

"Basi kaa kivulini, nisije nikaandikwa nikiwa nimeungua."

Nilimweleza ninachotaka: kutoka kilima cha mwisho mpaka ghubani walitembea miendo mingapi. Mwendo, kwa wenye ngamia, ni kipimo kinachojulikana na kila mtu. Huanza unapofunga mizigo na kumwinua ngamia, na huisha unapompigisha magoti na kuishusha. Mwenye ngamia akikwambia mahali fulani pako miendo saba, amekwambia utafunga mizigo mara saba.

"Mmoja," alisema.

"Mmoja kamili?"

"Tulifunga mchangani, tukashusha mchangani. Katikati ni mawe. Mmoja. Wewe ulitaka mingapi?"

Niliandika: mmoja. Nikamshukuru, nikarudi ofisini.

Nilikuwa na njia ya kuugeuza mwendo kuwa maili, na nilijivunia. Miaka miwili mfululizo nilikuwa nimefuatana na misafara kati ya mto na Wajir, nikisukuma gurudumu la kupimia nyuma ya ngamia. Nilikuwa nimepima miendo thelathini na mmoja. Jumla ilikuwa maili mia tatu sabini na mbili. Ukigawanya, unapata kumi na mbili, bila baki. Kukosa baki ndiko kulikonipoteza. Hesabu ambayo haikuacha kitu nyuma ilionekana kwangu kuwa kweli yenyewe.

Maili kumi na mbili ni inchi tatu. Niliichora ghuba inchi tatu kutoka kilima cha mwisho. Nukta-nukta sikuziweka. Nilizijaribu kwenye kipande cha pembeni nikaona zinaharibu sura ya mwambao, mstari mzuri uliotoka chini kabisa ya karatasi ukifika hapo unatoboka-toboka kama nguo iliyoliwa na nondo. Tena makisio ni ya mtu asiyepima, na mimi nilikuwa nimepima miendo thelathini na mmoja. Nikavuta mstari mzima. Bwana Mpima alikuwa anafungasha kwenda likizo kwao. Aliutazama mchoro akiwa amesimama, akasema umefanya kazi safi, akatia sahihi. Saa nane na nusu bomba la bati liliondoka na lori la Thika.

Miaka miwili ilipita. Bwana Mpima hakurudi Garissa. Ramani ilirudi, imepigwa chapa, rangi ya samawati mahali pa ziwa na mistari ya kahawia juu ya milima, na katika pembe yake ya juu mwambao wangu ulikuwa mweusi, mzima, umetulia. Nilikuwa nikiitazama zaidi kuliko nilivyohitaji.

Ndipo ikaamriwa kijengwe kituo kidogo cha serikali kwenye ile ghuba. Shehena ililetwa Garissa: mabati, misumari, saruji, unga, mapipa ya maji. Ofisa kijana aliyetumwa kuisimamia alijaribu kukodi ngamia karibu na ziwa, huko Marsabit, ili asiwachoshe wa kwetu kwa safari ndefu. Wenye ngamia wa Marsabit walikataa. Ofisini ilisemekana kwamba ni wavivu. Mimi pia nililisema hilo.

Akaja kwangu kuuliza nani ana ngamia wa kutosha. Nikamtaja adeer.

Kufikia wakati ule macho ya adeer yalikuwa yameingia ukungu. Alitambua mtu kwa sauti na ngamia kwa kumpapasa shavu. Hakuweza kusafiri. Aliulizia habari moja tu kabla ya kukubali, na ninaikumbuka kama ilivyosemwa, kwa kuwa nimeirudia nafsini mwangu mara nyingi.

"Yale mawe, adeer. Kwenye karatasi yenu mmeyaweka mwendo mmoja?"

"Mmoja, kama ulivyosema."

"Vizuri. Msiyaongeze wala msiyapunguze. Na muwavishe ngamia ngozi miguuni, seti moja kila mmoja, ngozi mbichi ya ng'ombe."

"Tutawavisha."

"Basi waende."

Msafara aliukabidhi kwa mume wa binti yake, shemeji yangu, mtu wa Ijara, mwembamba na mwenye maneno. Alikuwa hajawahi kulifikia ziwa. Ofisa alitaka mtu wa kusoma ramani, na kwa kuwa niliichora mimi, nilipewa mimi. Malipo yalikuwa kwa mzigo, si kwa ngamia, kwa hiyo shemeji aliwapakia mizigo kamili. Aliniuliza kama hiyo ni busara, nami nikamfungulia ramani nikamwonyesha kwamba mawe yenyewe ni mahali padogo, inchi tatu, asubuhi moja.

"Ndogo kama kucha," alisema, akaweka kidole gumba juu yake. "Kama nchi yote ingekuwa hivi ningeizunguka kabla ya chai."

Tulitembea siku hamsini na mbili, mapumziko yakiwemo. Sitazieleza. Zilikuwa sawa na siku za safari yoyote, isipokuwa kwamba kila jioni nililinganisha ardhi na karatasi, na kila jioni karatasi ilikuwa sahihi. Kilima kilipotakiwa kuwa kushoto kilikuwa kushoto. Tulipofika mwambaoni, Bwana Mpima alikuwa amekosea hatua mia mbili tu katika maili sitini. Ofisa alianza kuniita fundi. Nilifurahi, na katika furaha hiyo nilisahau kwamba sehemu zote hizo zilikuwa zake, na yangu ilikuwa bado haijafika.

Tulilala mchangani chini ya kilima cha mwisho. Saa kumi na moja alfajiri tulifunga mizigo, tukawavisha ngamia ngozi, tukaingia kwenye mawe.

Wasomaji walioona volkeno kwenye picha huenda wakadhani ni kitu cha moto na moshi. Mahali pale moto ulizimika kabla ya watu. Uliacha mawe meusi yenye matundu, makali kama chupa iliyovunjwa, makubwa kama vichwa, kama vyungu, kama mapipa, yamerundikana bila udongo kati yake. Hakuna mahali pa kuweka mguu bapa. Kushoto mawe hayo yaliporomoka kwa ukuta mrefu hadi ziwani, na maji yalionekana huko chini, ya kijani chafu, yakipigwa na upepo. Mbele kulikuwa na matuta, na kila ulipopanda moja uliona lingine. Upepo ulitoka kwenye mawe ukiwa umeshapata joto.

Baada ya saa moja shemeji alikuja mbele nilipokuwa.

"Shemeji, hiyo karatasi imetaja mahali pa kupigisha magoti?"

"Hakuna haja. Saa sita tutakuwa ghubani."

"Sikuulizia haja. Nimeuliza mahali."

Niliangalia pande zote. Ngamia hulala kwa kifua na magoti. Mle ndani hapakuwa na nafasi ya kulaza mbuzi. Nikamwambia hakuna. Akatingisha kichwa, akarudi kwa ngamia wake. Nakumbuka kwamba wakati huo kitu kilinigusa, baridi kidogo, kama vile mtu anapojua ameacha mlango wazi nyumbani lakini hajui mlango upi. Sikukifuata.

Saa sita ilifika. Nilikadiria tumekwenda maili kumi. Ghuba haikuonekana.

"Saa sita imeamka," shemeji alisema kwa sauti, ili watu wote wasikie. "Ghuba bado imelala. Mwiteni karani akaiamshe."

Watu walicheka. Bado walikuwa na nguvu za kucheka.

Saa nane ngozi za miguuni zilianza kukatika. Saa tisa hazikuwepo. Ngamia walikuwa wakiacha alama za damu juu ya mawe, na juu ya mawe meusi damu haionekani nyekundu, inaonekana kama maji yaliyomwagika. Dume la mbele lilianza kutetemeka mapaja kwa uzito. Ofisa alisimamisha msafara, akashuka kwenye nyumbu wake, akaja na ramani yake mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu.

"Karani. Ramani hii kweli?"

Hapo ndipo kila kitu kilipotegemea jibu langu. Nyuma yetu palikuwa na maili kumi na nne au kumi na tano tulizozijua, na mchanga mwishoni mwake. Kama ningesema sina uhakika, tungeshusha mizigo ngamia wakiwa wamesimama, tukaiacha, tukarudi nao wakiwa wepesi, na wengi wangeishi. Shemeji alikuwa amesimama karibu, mkono wake kwenye shingo ya lile dume, akinitazama kinywa.

"Ni kweli, Bwana," nilisema. "Tumekwenda polepole kuliko nilivyodhani. Ghuba iko nyuma ya tuta hilo."

"Mbele," alisema ofisa.

Nyuma ya tuta hilo kulikuwa na tuta.

Dume la mbele lilianguka saa kumi na dakika ishirini. Halikuanguka kama kitu kinavyoanguka, lilipiga magoti. Lilikuwa limechoka kusubiri kuamriwa, likafanya lenyewe lililofundishwa, likashusha kifua chake na mzigo wa saruji juu ya yale mawe. Sauti lililotoa siwezi kuiandika. Shemeji alitoa kisu akakata kamba za mzigo. Kisha hakungoja ruhusa ya mtu, akaenda kwa wa pili, wa tatu, akikata.

"Mzigo ya serikali!" ofisa alipiga kelele. "Wewe lipa!"

"Nitalipa, Bwana. Andika. Karani yupo, anajua kuandika."

Mabati yalianguka juu ya mawe kwa mshindo mmoja baada ya mwingine, mpaka msafara wote ukawa mtupu. Dume la mbele tulilisukuma, tukalivuta mkia, tukaliinua kwa mikono ya watu sita. Halikusimama. Shemeji alilichinja akielekea kibla, akapangusa kisu kwenye shuka lake, na hakusema nami tena mpaka kesho yake.

Wa pili na wa tatu walipiga magoti kabla ya jua kuzama. Usiku tulitembea. Kulipopambazuka walikuwa wamekufa sita. Tulitoka kwenye mawe saa nne asubuhi, tukaona mchanga na ghuba ndogo, ileile iliyochorwa na Bwana Mpima, kila pembe mahali pake. Ngamia wanane waliufikia mchanga huo. Watatu kati yao walilala na hawakuinuka tena. Nyayo zilikuwa zimeoza siku ya tano.

Adhuhuri ya siku iliyofuata kufika kwetu, ofisa alilipima jua kwa chombo chake, akapiga hesabu, akanionyesha karatasi. Kutoka kilima cha mwisho mpaka pale palikuwa na maili thelathini na moja.

Nilikaa mbali na wengine, nikaandika yote upya. Adeer hakunidanganya hata chembe. Walifunga mizigo mchangani, wakaishusha mchangani. Katikati hapakuwa na pa kumlaza ngamia, kwa hiyo hawakushusha, na kwa kuwa hawakushusha, mwendo haukuisha. Walitembea mchana, usiku na tena asubuhi, na ulikuwa mwendo mmoja. Kila mwenye ngamia wa Marsabit alilijua hilo. Maana ya mwendo niliijua na mimi. Nilikuwa nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Nilichokosa kukifanya ni kumuuliza mtu aliyepita pale jambo ambalo shemeji aliniuliza baada ya saa moja tu ya kutembea.

Tulirudi kwa njia ya bara, mbali na ziwa, tukiwa na ngamia watano wanaochechemea. Ilituchukua siku sabini.

Adeer alikuwa amekaa mlangoni kwa binti yake, nje kidogo ya mji, uso ameuelekeza barabarani. Ngamia wetu huvaa kengele za mbao shingoni, na kila kengele ina sauti yake. Tulipokuwa bado mbali nilimwona ameinua kidole, kisha cha pili. Alifika kwenye cha tano, akabaki hivyo na mkono wazi.

"Wengine wako nyuma?" aliuliza tulipomsalimu.

Shemeji alinitazama. Nikasema, "Hapana, adeer. Ni hawa."

Alisimama, akawaendea ngamia, akawapapasa mashavu mmoja mmoja, akainama na kupapasa miguu. Kwa kila mmoja alitaja alikozaliwa na mama yake. Alipomaliza aliwataja na wale tisa, kwa mpangilio ule aliokuwa akiwafungia kwenye msafara, akianza na dume la mbele. Tukamwambia kwa kila mmoja alipofia.

Kisha nikamweleza habari ya wastani. Nilimweleza taratibu, miendo thelathini na mmoja, maili mia tatu sabini na mbili, na yeye akasikiliza kama anavyosikiliza mtu kesi ya jirani.

"Kwa hiyo wewe uliuliza mingapi," alisema mwishoni, "na mimi nikajibu mmoja."

"Ndiyo, adeer."

"Na nilipokuuliza mimi, ukanijibu mmoja."

"Ndiyo."

"Tulielewana vizuri sana sisi wawili." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Ungeniuliza ngamia walilala wapi, adeer. Hata mtoto anayechunga mbuzi angeniuliza hivyo. Lakini wewe umesoma."

Shemeji aligeuza uso. Ningependa angenitukana.

Ofisa aliandika taarifa yake. Jibu lilisema mapatano ya kukodi hayakutaja aina ya ardhi, na kifo cha mnyama njiani ni hasara ya mwenye mnyama. Kwa huruma, bila kukiri kosa, mzee alipewa shilingi mia moja. Mimi niliandika barua ya kusahihisha ramani, nikaeleza kosa na kwamba ni langu. Sikujibiwa. Niliandika ya pili. Baada ya vita vya pili vya dunia, nikiwa nimehamishiwa ofisi nyingine, niliikuta ramani ileile ukutani, chapa mpya, rangi nzuri zaidi. Ghuba ilikuwa bado inchi tatu kutoka kilima cha mwisho, na mstari ulikuwa mzima. Niliomba kalamu nyekundu ili niandike neno pembeni, nikaambiwa ramani ya ofisi haichorwi-chorwi.

Adeer hakukodisha ngamia tena. Madume matano yenye miguu mibovu hayakufaa kubeba. Mchinjaji wa Garissa aliyachukua. Mzee akabaki kwa binti yake, akila alichopewa, mtu ambaye kabla ya hapo watu walikula kwake. Kila mwezi nilimpelekea shilingi sita kutoka kwenye mshahara wangu. Alizipokea kwa mkono wa kulia na kusema, "Hii ni ya chai." Hakuwahi kuiita fidia, na mimi sikuthubutu kuiita hivyo mbele yake. Nilimpelekea miezi hamsini, kisha akafariki, na mwezi wa hamsini na moja sikuwa na pa kuzipeleka.

Bei ya dume la mizigo mwaka ule ilikuwa shilingi tisini. Tisa waliokufa ni mia nane na kumi. Watano waliochinjwa walinunuliwa thelathini na tano kila mmoja, kwa hiyo kila mmoja alipoteza hamsini na tano, na kwa wote ni mia mbili sabini na tano. Jumla ni elfu moja na themanini na tano. Ukitoa mia moja ya serikali na mia tatu zangu, hasara ya adeer iliyobaki bila kulipwa siku tulipomzika ni shilingi mia sita themanini na tano.